Beth Wachuka na Kazi ya Kusimama Tena

Mchungaji, jamaa, majirani na marafiki, mimi ni Ngendo, dada mdogo wa marehemu, na familia imenituma nisome historia hii kwa utaratibu na nisigombane na mtu, basi nitajaribu.

Beth Wachuka alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 karibu na Kutus, akaanza shule mwaka wa 1978, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1985, na akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1989. Mwaka uliofuata aliajiriwa jikoni katika hoteli moja mjini Karatina, huko ndiko alikojifunza kupikia umati bila kupoteza akili, na tangu hapo kila aliyeozesha au kuzika pande hizi amekula chakula chake, hata wale wanaosema pilau yake ilizidi chumvi, na wanajijua.

Tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa na Simeon Muchiri, mtu mpole kupita kiasi, akaja kuishi huku Kiriaini, katika nyumba hii iliyo chini kabisa ya mteremko, barabara ikiwa kule juu baada ya shamba la chai, na Mungu akawajalia Wendy mwaka wa 1996 na Gathogo mwaka wa 2000.

Jumamosi tarehe 20 Agosti 2022, akipika katika sherehe ya mahari kule Kutus, sufuria kubwa ya supu iliteleza kwenye mafiga ikammwagikia kuanzia mapajani hadi kwenye vifundo vya miguu, akalazwa hospitalini mjini Nyeri hadi Novemba, akawekewa ngozi mara mbili, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani, nasi tukaimba kwamba amepona. Hatukujua kuwa kidonda cha moto kikipona ngozi hujivuta. Maumivu yalipungua tu magoti yakikunjwa juu ya mto, kwa hivyo kila shangazi aliyekuja kumwona alikuja na mto, na kufikia Pasaka magoti yalikuwa yamekaza vile vile yalivyokunjwa, na mapaja yaliyozoea kuinua masufuria yakabaki ngozi na mfupa.

Nyumba hii ikawa jela yake. Mvua ikinyesha udongo wetu huteleza kama sabuni, hata mwenye miguu mizima huanguka, na Wachuka alikaa dirishani akisikia malori ya majani chai yakipita kule juu, asiweze kufika hata jikoni kwake. Muchiri alimbeba mgongoni hadi chooni, hadi kwenye jua, hadi kanisani, watu wakamsifu, na hata mimi namsifu, lakini dada yangu aliniambia kwamba alikuwa anaogopa kuhisi kiu, kwa sababu kila kikombe cha maji kingemrudisha mgongoni mwa mume wake.

Mwezi wa Juni 2023 Wendy alimpeleka tena Nyeri, kwa mtaalamu wa fiziotherapia aitwaye Wamae, ambaye tuko naye hapa, naye aliuondoa mto na kutuambia, bila kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba mkao unaompa raha ndio unaomfunga. Kazi ikaanza, kovu kukandwa na goti kunyooshwa kidogo kidogo, kulala miguu imefungwa kwenye vibao, kuinua mguu uliofungwa soksi yenye maharagwe, halafu kuinuka kitini bila kushika kitu na kuketi polepole bila kujibwaga, na huko kuketi ndiko kulikomtoa machozi. Muchiri hakuweza kuvumilia kilio hicho, kila mara alikimbia kumwinua kabla paja halijafanya kazi yake, na paja halioti nyama kwa kuhurumiwa. Siku moja ya Februari 2024, Wachuka akiwa nusu amesimama, Muchiri alimshika tena, na dada yangu akasema mbele yetu sote, "Muchiri, niweke chini. Ukizidi kunibeba, sitatoka hapa mpaka siku ya jeneza."

Alimweka chini, akaenda kwenye chai akalia, nimeambiwa nisiseme hilo lakini nimesema. Baada ya hapo mguu wa kushoto ulinyooka, wa kulia ulikataa, akawa anapanda kwa mkongojo hadi katikati ya chai na kugeuka, na sitadanganya mbele ya maiti, barabarani hakuwahi kufika kwa miguu yake. Baridi ya Juni mwaka huu wa 2025 ilimwingia kifuani, akalazwa kwa nimonia, na asubuhi ya tarehe 9 Julai akatuacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Nyeri, Bwana Wamae, majirani mliotuchotea maji, na akina mama wenzake wa jikoni, ambao leo mmepika bila yeye.

Muchiri alitaka kumzika hapa chini karibu na mlango, lakini Wachuka alikuwa ameomba azikwe juu kando ya barabara, wazee wakasema chai haing'olewi kwa sababu ya kaburi, na Muchiri akaing'oa mwenyewe kwa jembe. Vijana watalipandisha jeneza sasa hivi, na Muchiri amekataa kushika hata pembe moja, atatembea nyuma tu, naomba mtu asimlaumu.

Nenda kwa amani, Wachuka, Mungu akupokee ukiwa umesimama.