Kiwiko cha Bi Burgi wa Kaunta ya Fimbo

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 6 Aprili, lifti ya viti inayopandisha watu mlimani itakaposimama saa kumi jioni, Bi Notburga Gstrein atastaafu baada ya majira ya baridi arobaini na moja kwenye kaunta ya fimbo ya duka letu la kukodisha vifaa vya ski, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa vibao miguuni na fimbo mikononi. Bonde zima humwita Bi Burgi. Mimi nimeombwa niandike kwa sababu chumba cha kukausha viatu kiko mgongoni mwake, na kwa sababu waliosoma zaidi walisema wana shughuli.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na miwili. Siku hizo fimbo ziligawiwa kama sahani: mrefu ndefu, mfupi fupi, aliyechelewa zilizobaki. Bi Burgi alikomesha mchezo huo kwa wiki moja. Sheria yake: vaa kwanza viatu vya ski. Geuza fimbo, mpini uguse sakafu, uishike chini tu ya kile kisahani kinachoizuia isizame kwenye theluji. Kiwiko kikikaa kama kona ya meza, ni yako. Mkono ukipanda, ni ndefu. Ukishuka, ni fupi. Rangi mtazungumza baadaye.

Sheria yake ya pili ilikuwa kali zaidi: mtu hajipimi mwenyewe. Ukiinamisha kichwa kutazama kiwiko chako, bega linashuka na kiwiko kinasema uongo. Aliyekamatwa akijipima alirudishwa mwisho wa foleni, awe mwalimu wa ski au daktari.

Mwaka mmoja alikuja jaji kutoka mjini, akataka fimbo za sentimita mia na thelathini.

"Bibi, kaka yangu anatumia mia na thelathini."

"Yuko wapi nimpime?"

"Hakuja. Lakini mimi nataka kama zake."

"Bwana, mimi sikuulizi unataka nini. Nakiuliza kiwiko."

Jaji aliondoka na mia na ishirini, amenuna. Msimu uliofuata alirudi na kaka yake. Naye akapimwa: mia na ishirini. Kaka alikaa kwenye benchi muda mrefu bila kuvua viatu.

Habari zikaenea. Wazee wakaanza kuleta reki zao za nyasi zipimwe. Padri alileta mti wa bendera ya maandamano. Bi Burgi akaukata sentimita nane, na tangu hapo bendera haijagonga tena mlango wa kanisa. Mke wa mwoka mikate alimleta mchumba wa binti yake. "Mpime tu, Burgi, hakodi kitu." Alimpima, akasema kiwiko hakina neno, mengine wayaulize kwingine. Wameoana, wana watoto watatu, wote wamepimwa.

Jambo moja wengi hawalijui, naye ameniruhusu kuliandika. Kwa miaka yote hiyo Bi Burgi hajateremka mlima huu hata mara moja. Ski anazo, alizinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Alijifunza kusimama na kugeuka kwenye kilima cha watoto, mikono mitupu. Fimbo hakuwa nazo, kwa sababu hakuruhusiwa kujipima na hakumwamini mtu mwingine ampime. Kila vuli alisema, "Mwaka huu nitateremka." Kila Pasaka ski zilirudi darini. Mwaka huu alisema atateremka siku ya kustaafu au ski azigawe, na hilo hakulisema kwa kucheka.

Mwenye duka, Bwana Kassian, akaamua zawadi iwe fimbo. Alimkadiria kwa jicho pale kaunta, akaagiza za mia na kumi na tano, akazichonga jina. Nilipoziona nikamfuata ofisini.

"Bwana Kassian, zile ni ndefu mno."

"Vasile, mimi nimezaliwa kwenye theluji. Wewe umekuja juzi."

"Juzi ya miaka kumi na minane. Na mimi ndiye ninayefagia nyuma ya kaunta. Amesimama juu ya mbao."

"Mbao gani?"

"Tatu. Moja juu ya nyingine."

Ubao wa kwanza aliuweka kwa ajili ya baridi ya sakafu. Wa pili ubao wa kwanza ulipobonyea. Wa tatu ni ili awatazame wateja usawa wa macho. Asubuhi hufika wa kwanza na jioni hutoka wa mwisho, kwa hiyo duka zima lilimjua kuanzia kifuani kwenda juu. Bwana Kassian alitazama zile fimbo zilizochongwa, kisha akatazama dirisha. Sasa zinabeba mapazia ya ofisi.

Ikabaki nani ampime. Bi Burgi alinichagua mimi, ila kwanza alinijaribu. Alinipimisha wafanyakazi wote, akiwemo Bwana Kassian, ambaye tuligundua ametumia fimbo ndefu tangu ujana. Kisha, Jumanne iliyopita, duka limefungwa kwa chakula cha mchana na supu ya matonge ya mkate inapoa, alishuka kwenye mbao zake, akazunguka hadi mbele ya kaunta. Tulikuwa tunamtazama utosini.

Nikampa mia na kumi. Mkono ulipanda.

"Hizi hizi zinatosha," akasema.

"Mkono umepanda, Bi Burgi."

"Umepanda kidogo. Niache na mia na kumi, Vasile. Siku moja tu na mimi nionekane mtu mbele ya bonde."

Nilitamani kumwachia. Mtu aliyenifundisha kazi, akiniomba sentimita tano. Lakini fimbo ndefu humsukuma mtu nyuma, na njia ya katikati, atakayoteremkia, ina kona mbili za barafu.

"Mama," nikamwambia, "mimi sikuulizi unataka nini. Nakiuliza kiwiko."

Alinitazama hadi nikajua kazi sina. Kisha akanyoosha mkono, akachukua mia na tano, akazigeuza, akainua kichwa akitazama mbele, kwa mara ya kwanza akiwa upande wa wateja. Kiwiko kilikaa kama kona ya meza. "Haya," akasema, "kaleni supu."

Bi Burgi, duka linakushukuru kwa viwiko vyote vya bonde hili. Tunakuombea afya, magoti yasiyolalamika, na jioni ndefu karibu na jiko lako. Jumatatu utapanda na kiti cha mwisho, na sote tutasimama chini kukungoja. Mbao tatu nitazileta, upande juu yake ukifika, watu wakupigie makofi wakikuona usawa wa macho. Njiani tazama mbele. Kiwiko usikitazame. Nimekitazama mimi, kiko sawa.

Vasile, chumba cha viatu