Nati za Gurudumu la Mbele

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Fundi. Alitengeneza magari ya jeshi miaka thelathini na mbili. Alifariki wiki iliyopita, na ametuachia lori.

Si lori la barabarani. Ni modeli ya lori la jeshi, la mbao na bati, refu kama meza ya kulia. Ujanani Fundi alitengeneza vifaru na malori ya namna hiyo. Kisha mdogo wake, dereva wa jeshi, akafa ajalini. Gurudumu la mbele lilichomoka mteremkoni. Aliyelifunga asubuhi ile ni Fundi. Kwa miaka mingi hakugusa tena modeli.

Wakubwa waliandika kwamba tairi lilipasuka. Mjane wa mdogo wake hakuamini. Kila walipokutana alimuuliza, "Shemeji, ulifunga nati zote?"

"Zote nane, shemeji."

Miaka ishirini na sita, jibu ni hilo hilo. Nane.

Alipostaafu, akarudia modeli. Akajifungia chumba cha nyuma, ufunguo kauvaa shingoni. Mkewe ananiambia, "Nikajua ana mwanamke. Nikachungulia, namkuta anapaka tope kwenye tairi kwa brashi ya kope. Afadhali angekuwa mwanamke, ningemfukuza. Lori nalifukuzaje?"

Mjane aliposikia ni lori la aina ile ile, alicheka cheko baya. "Anajitengenezea ushahidi," akasema. "Ataweka nati nane zinang'aa, aniite nikahesabu."

Hakumwita. Lakini siku alipofariki, ufunguo ulikutwa umetundikwa kwenye msumari, mahali pa kuonekana. Nashuku hakuusahau pale.

Chumba kilifunguliwa baada ya mazishi. Nilikuwepo. Mjane alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, akahesabu kwa kidole. Nati tatu. Akarudia. Tatu.

"Labda hakumaliza," mke wa Fundi akasema.

"Dada, mtu kaweka hadi waipa za kioo, hajamaliza nini?" mjane akauliza.

Ndipo tukaona. Chini ya lori, kifuniko cha gurudumu kimelala chali, kama kisahani. Mafundi huweka nati humo zisipotee wakati wa kazi. Ndani mlikuwa na nati tano.

Tatu kwenye gurudumu. Tano kwenye kifuniko.

Mjane akakaa kwenye kiti cha Fundi. "Aliitwa," akasema taratibu. "Kuna mtu alimwita, akaacha kazi katikati, akasahau. Ni hilo tu? Hilo tu ndilo lililomshinda kuniambia?"

Akakifunga kifuniko na nati zake ndani ya leso. "Lori bakini nalo," akasema, akatoka.

Pole nyingi kwa mke wa Fundi na nyumba yake yote. Pole na kwa mjane, ambaye wiki hii amefiwa upya.

Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu anakuuliza swali lile lile mwaka hadi mwaka, usimwachie jibu mezani. Mwambie ungali hai. Akutukane, kama atakutukana, na wewe upo.