Juulut Løvstrøm na Kilindi Alichotuonyesha

Mbele yetu amelala Juulut Karl Løvstrøm. Mimi ni Pavia, mtoto wa dada yake Ane, na nimeombwa kusoma habari za maisha yake. Nilikataa mara mbili. Mjane wake akasema, "Wewe ndiye unayeyajua yote, soma wewe." Basi nasoma.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Februari 1949, hapa hapa Nunaarsuk katika ghuba ya Uummannaq, siku chache baada ya jua kurudi kutoka usiku mrefu wa majira ya baridi. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Karl, mwindaji wa sili, na Bibi Regine.

Alisomeshwa na katekista wa kijiji hadi mwaka 1961, kisha akapelekwa Denmark, kwa watawala wetu, mwaka mzima akajifunze kuwa mtu wa kisasa. Alirudi amevaa viatu vizuri na amesahau nusu ya lugha ya mama yake. Bibi alikuwa akimsemesha, naye anamtazama tu. Aliniambia kwamba hakuna shule iliyomuuma kama ile.

Kazi yake ilikuwa uvuvi wa qaleralik, yule samaki bapa wa kilindini anayetulisha sote. Alitoboa barafu kwa tindo, akashusha mshipi wenye ndoana mia, akaukokota juu kwa mikono yake. Tangu mwaka 1988 aliwasaidia pia watafiti waliotaka kujua samaki hawa wako wapi, kina gani na kwa wingi gani. Kila aliyemvua alimlaza kwanza kwenye ubao wa kupimia, mikono ikiganda, huku wenzake wakimcheka: "Juulut, unamshonea suruali?"

Alichojifunza kwenye ubao ule alitufundisha, nasi hatukusikia. Samaki wetu hawazaliwi humu ghubani. Huzaliwa mbali, kwenye kina cha bahari kuu, maji yakawaleta wakiwa wadogo kama kucha, na wakishaingia hawatoki tena kwenda kuzaa. Wakubwa ni majike, nao huchukua miaka mingi kukua. "Tunakula wageni," alikuwa akisema, "na mgeni akiisha huwezi kumzaa mwenyewe."

Alifunga ndoa na Bolethe Zeeb tarehe 14 Julai 1973. Bolethe alikuwa mpasuaji wa samaki kiwandani, na marehemu alimpelekea samaki mmoja wa mita moja na robo, amembeba mgongoni. Bolethe akamtazama juu hadi chini akauliza, "Anayeposa ni wewe au huyo?" Marehemu akajibu, "Chagua, ila huyo haongei." Walijaliwa binti mmoja, Naja.

Sasa nifike pale ambapo nisingependa kufika. Mwaka 1991 marehemu aligundua kilindi kimoja chini ya mwamba wa kaskazini, mita mia tisa kwenda chini, walikojaa majike wakubwa. Alivua pale mara moja, akapima, akaondoka. Hakumwambia mtu isipokuwa mkewe, na mimi nilikuja kusikia kwa bahati mbaya. Majira ya baridi ya 2007 barafu ilichelewa, na mishipi yetu ikapandisha vidagaa ambavyo kiwanda kilivikataa. Nilikwenda kwake.

"Mjomba, wakubwa unajua waliko."

"Najua."

"Basi tuonyeshe."

"Nikikuonyesha wewe nimekionyesha kijiji kizima. Mdomo wako hauna mlango, Pavia."

"Na watoto wangu nao wale nini? Ubao wako?"

Aliweka kikombe cha kahawa mezani. Mkewe Bolethe akasema, "Usimjibu, Juulut." Asubuhi yake alifunga mbwa wake kwenye sleji ya theluji, akaongoza, na sisi familia kumi na moja tukamfuata. Tundu la kwanza alilitoboa mwenyewe.

Mwaka ule tulishiba. Mwaka wa pili tulishiba tena, tukanunua mashine za theluji. Mwaka wa tatu tulivuta mshipi mzima tukapata samaki kumi na watatu. Wa nne nilipandisha chambo changu kama nilivyokishusha, hakijaguswa. Marehemu aliendelea kwenda pale kila mwaka peke yake kupima. Samaki mrefu kuliko wote aliyempata mwaka jana alikuwa na sentimita thelathini na nane. Nilimuuliza kama watarudi. Akasema, "Labda. Ila hatakuwepo wa kuwavua." Hakuwahi kunilaumu. Ningeshukuru kama angenitukana hata siku moja.

Aliugua tumbo tangu Oktoba 2018. Huko hospitalini Nuuk aliambiwa ni saratani, akaomba arudishwe nyumbani. Siku mbili kabla hajafa aliniuliza tumepata wa ukubwa gani. Nikamwambia, wa mita moja, mjomba. Akacheka mpaka akakohoa. "Muongo. Wa mita moja usingekuja na uso huo." Alifariki Jumapili, tarehe 10 Machi 2019, saa tatu asubuhi. Analazwa katika kaburi tulilochimba Septemba kabla ardhi haijaganda, kama tuchimbavyo kila mwaka bila kujua la nani. Alikuwa na miaka sabini.

Ameacha mjane Bolethe, binti yake Naja aliyeko Nuuk, wajukuu wawili, dada yake Ane, mimi, na mbwa wanne. Familia saba kati ya zile kumi na moja zimehamia mjini, na shule imefungwa. Desturi yetu ni kwamba mtoto wa kwanza kuzaliwa sasa angepewa jina la Juulut, tukamwita mjomba akiwa bado ananyonya, naye marehemu akawa amerudi kwetu. Nimepita nyumba zote zilizobaki. Hakuna mwanamke mwenye mimba.

Lala, mjomba. Mungu akupe utulivu ambao mimi nilikuja kukunyang'anya mezani kwako.