Mzee Gitobu na Mshale Uliofunikwa

Yatakayosomwa hapa hakuna atakayeyaamini, na wale wanaomjua msomaji, Salesio, mdogo wake marehemu, wameshaanza kuangaliana. Waangaliane tu. Pikapu ya marehemu imeegeshwa nyuma ya hema, na anayetaka ushahidi akachungulie dashibodi tukimaliza.

Marehemu Mzee Festus Gitobu M'Mutuma alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Muthara, kifungua mimba wa marehemu M'Mutuma na marehemu Cicily. Salesio alifuata miaka minne baadaye, na sura nzuri zote zikawa zimemngoja yeye.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa Muthara mpaka darasa la saba, mwaka wa 1972. Salesio aliishia la tano kwa sababu walimu walikuwa wamemaliza yote waliyojua. Marehemu aliweza hesabu, lakini alama nyekundu hakuivumilia. Mwalimu akimwekea kosa, alirarua ukurasa ule na kuandika majibu yale yale kwenye ukurasa safi. Nyumbani tulicheka sana. Hakuna aliyeona kwamba lile lilikuwa jambo la kuogopa.

Mwaka wa 1975 alianza kazi ya utaniboi, yaani utingo, kwenye lori za Meru na Embu, na kufikia 1981 alikuwa dereva. Mwaka wa 1988 alinunua pikapu yake ya rangi ya maziwa, ambayo hata wakati huo ilikuwa imezeeka kuliko watu wengi mlioketi hapa. Alibeba ndengu na maembe kutoka Gachoka hadi soko la Embu. Geji zilikufa moja moja, ya mafuta, ya joto, ya mwendo, mpaka dashibodi ikabaki vioo vitupu. Akaendesha hivyo miaka kumi na tano, kwa sikio na kwa pua. Ufundi huo alifunzwa na Salesio, ingawa alikuwa akikana.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa kanisani na Angeline Rwamba wa Gachoka. Waliishi mtaa wa Majimbo, Embu, na Mungu akawajalia Mwenda na Gladwell Kinya. Rwamba ndiye mtu pekee aliyeweza kumwambia amekosea, na hata yeye alichagua siku.

Januari mwaka huu Mwenda alimletea babake zawadi: geji za kizamani zinazofanana kabisa na zile za kwanza, zenye vioo vya duara na mishale myembamba. Fundi Muturi wa Embu akazifunga. Marehemu alifurahi, akampakia Salesio, wakashuka Gachoka. Hawajafika mbali, mshale wa joto ukaanza kupanda. Ulipanda polepole, bila kutetemeka, ukaingia kwenye nyekundu na kukaa hapo kama mtu aliyefika kwake.

"Geji mbovu," marehemu akasema.

Muturi aliifungua. Akaazima sufuria ya maji yanayochemka kwa mama wa chai, akatumbukiza ndani kile kidude kinachopima joto, na mshale ukapanda. Akakitia kwenye maji baridi, ukashuka.

"Mzee, geji ni nzima," akasema. "Gari ndiyo mgonjwa."

"Toa. Weka ingine."

Ya pili ilisema vile vile. Ya tatu pia. Marehemu akachukua utepe mweusi wa umeme, akaifunika, akaendelea kubeba ndengu.

Mwezi wa Machi Kinya, ambaye ni muuguzi, alikuja na mashine ya kupima presha. Akamfunga babake mkononi, akaangalia namba, akampima tena.

"Baba, hii iko juu sana. Twende hospitali leo."

"Hiyo mashine imeharibika. Leta ingine."

Akaleta ingine, nayo ikasema vile vile. Siku hiyo Rwamba alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akasema, "Baba Mwenda, hii nayo utaifunika na utepe?" Marehemu alicheka, akavaa kofia, akatoka. Tukamsikia akiwasha gari. Liliwaka mara ya tatu.

Julai, wakitoka Gachoka na mzigo, harufu tamu ya maji ya injini yaliyoungua ikajaa ndani ya gari. Salesio aliisikia. Marehemu aliisikia pia, na kwa pua ile haikuwezekana asiisikie, lakini akakanyaga mafuta. Kwenye mlima injini ikazimika, moshi ukafuka. Marehemu hakushuka. Alibandua ule utepe, na mshale ulikuwa umelalia mwisho kabisa wa nyekundu. Akautazama mpaka moshi ukaisha mbele ya kioo. Kisha akaweka mkono kifuani, akauliza kwa sauti ndogo ambayo mdogo wake hakuwa ameisikia maishani, "Salesio, ile mashine ya Kinya iko wapi?"

Alilazwa Embu. Daktari alikuta moyo umechoka na figo zimeharibika. Alitibiwa, akarudi nyumbani, akalazwa tena. Akipimwa sasa aliuliza namba mwenyewe, na hakubishana nayo. Alituacha alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025.

Ameacha mjane, Angeline Rwamba, watoto wake Mwenda na Gladwell Kinya, mjukuu Karimi, na mdogo wake Salesio, ambaye presha yake imepimwa Jumanne. Udongo wa Muthara umpokee taratibu, na apate pumziko asilojipa.

Wiki ile ya mwisho marehemu aliamuru asomewe wasifu huu kitandani, ajue anazikwa na maneno gani. Salesio akavaa miwani, akasimama kama mnavyomwona sasa, akasoma: "Na kwa miaka yote hiyo, pikapu ya Mzee Gitobu haikuchemka, na mshale wake haukugusa nyekundu hata siku m—"

"Uligusa," marehemu akasema, macho yamefumbwa. "Andika uligusa."