Sista Sukanti, Kitanzi na Pete Nne za Daktari

Tarehe 30 Juni, Sista Sukanti Nayak anastaafu baada ya miaka thelathini na sita katika wodi ya wazazi ya hospitali yetu, hapa Odisha, India. Wodi itapumua. Kwa mara ya kwanza tangu 1988, daktari ataweza kuingia leba bila kukaguliwa kucha kama mtoto wa chekechea.

Alianza akiwa muuguzi wa zamu, anaondoka akiwa muuguzi mkuu, na kati ya hapo amepokea watoto ambao sasa wanamletea wake zao. Mchana akila pakhala yake, wali wa kulazwa kwenye maji, na samaki wa kukaanga, hata wakubwa kutoka makao makuu walisubiri nje. Kasoro yake ni moja tu, ulimi.

Serikali ilipoleta mpango wa kumwekea mama kitanzi cha shaba cha kuzuia mimba ndani ya dakika kumi baada ya kondo la nyuma kutoka, wakubwa walitaka idadi. Sista alitaka mama aulizwe kliniki, kabla uchungu haujamshika. "Mwenye uchungu atakubali hata umuuzie ng'ombe wake mwenyewe," alituambia. Mbele yake hakuna aliyewekewa kimyakimya.

Kisha ukaja Agosti 2012. Wanawake saba walipata homa baada ya kujifungua. Mmoja wao, Jhili Pradhan, mama wa watoto watatu mwenye miaka ishirini na minne, alikuwa anatuponyoka. Yeye alikuwa na kitanzi. Mama mkwe wake akasimama mlangoni: "Mmemtia chuma mkwe wangu! Kitoeni, wauaji nyie!" Daktari wa leba akaona amepata pa kuegemea, akaandika barua ya kufuta huduma yote ya vitanzi. Jhili, midomo imemkauka, akagoma. "Niponyeni kwanza. Kitanzi kiacheni, wa nne simtaki."

Sista akafungua daftari lake. Kati ya wale saba, wanne hawakuwa na kitanzi chochote. Ila wote saba walipimwa njia na daktari yuleyule. Naye alivaa pete nne za vito alizoagizwa na mnajimu. Ile ya bluu ndiyo iliyomzuia Zohali, sayari ya mikosi, asimharibie maisha, kwa hiyo haikuvuliwa hata ndani ya glavu. Glavu zilichanika, na chini ya pete uchafu ulikaa raha mustarehe.

Akamfuata ofisini, akafunga mlango. "Kitanzi hakivai pete, Dokta. Vua."

Daktari akaanza kueleza habari za Zohali.

"Akija mwelekeze kwangu. Lakini anawe mikono kwanza."

Pete zilitoka kwa sabuni na jasho. Jhili akapewa dawa za mshipa, na siku ya sita akaomba chakula. Kitanzi chake kilibaki mahali pake, barua ikachanwa, na homa zikakoma.

Mama mkwe sasa alitaka mtu wa kumlaumu. Sista akamwambia mbele ya watu wote, "Ni mikono yetu, mama. Mtusamehe." Akatukanwa yeye, mama yake na ukoo wake wote hadi geti. Miaka kumi na miwili imepita na mama yule haitikii salamu yake sokoni. Sista hajawahi kulitaja jina la daktari, wala daktari hajawahi kujitaja.

Leo Jhili ameketi ukumbini na mama mkwe wake na watoto wake watatu, watatu tu. Nimeomba haya yasomwe wakiwa wanasikia. Daktari yule ni mimi, Digambar Rath. Jhili, mikono iliyokutia homa ni hii yangu. Nimeona aibu miaka yote hii, na nimeona raha kujificha nyuma ya mwanamke jasiri kuliko mimi.

Asante, Sista Sukanti. Nenda kapumzike, uwe na afya tele na amani ya moyo. Salamu za sokoni sasa uitikiwe wewe, na matusi yaliyobaki, mama anipe mimi.