Hasa Ile Sehemu ya Mwisho

Mheshimiwa Meya Gunnlaug, uliyevaa mkufu wa madaraka juu ya sweta. Waheshimiwa madiwani, pamoja na Diwani Oddmund aliyewahi kiti cha karibu na keki. Mwalimu Mkuu Solbjørg na walimu wako wa Shule ya Ytre Holmvik. Wafanyakazi wenzangu wa barabara, maji na makaburi. Ndugu wageni waalikwa, na wewe uliyeingia kwa kufuata harufu ya kahawa: hamjambo, na karibuni tumuage Torgeir Nesvold.

Mimi ni Ragnfrid Myrland, mwanasheria wa manispaa hii kwa miaka kumi na mitano. Mnanifahamu wote, lakini nataka jina langu liingie vizuri kwenye kumbukumbu, maana kabla sijamaliza nitakuwa nimekiri kosa, na anayekiri kosa ni lazima ajulikane ni nani.

Ndugu zangu, tunamuaga mtu aliyeendesha gari la kuondolea theluji kwa miaka thelathini na moja. Ni nani humu ndani hajawahi kuvutwa na Torgeir kutoka mtaroni? Mchungaji, usiinue mkono. Wewe umevutwa mara tatu, na mara moja ilikuwa mwezi wa Juni, katikati ya kiangazi.

Lakini hatukuujaza ukumbi huu kwa sababu ya theluji. Miaka kumi na mmoja iliyopita redio ya gari lake iliharibika, idara ikaahidi kuitengeneza, na kwa kuwa mnaijua idara, mnajua pia kwamba bado imeharibika. Torgeir akajinunulia hedifoni akaanza kusikiliza podikasti. Alianza na za mpira. Siku moja kipindi cha mpira kikaisha, kikafuata chenyewe kipindi kuhusu katiba, na yeye mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani kwenye kona ya kanisani. Akakisikiliza mpaka mwisho. Tangu siku hiyo, kuanzia Novemba mpaka Aprili, saa sita kwa siku, mtu huyu amekuwa akisikiliza siasa na sheria. Nimepiga hesabu. Mimi nilisoma sheria Bergen kwa miaka mitano, nikihudhuria mihadhara kadiri afya ilivyoruhusu. Torgeir amenipita tangu mwaka wake wa tatu.

Na kama angesikiliza akanyamaza, leo tungekula keki tukaenda zetu. Hakunyamaza. Alianza kutupendekezea. Mnavijua vile vikaratasi, vilivyoandikwa nyuma ya fomu za kumwaga mchanga kwenye barabara zenye barafu na kubanwa chini ya waipa ya gari: jina la kipindi, urefu wake, na dakika ya kuanzia. "Anza dakika ya tisa, kabla ya hapo wanacheka tu." Wageni walidhani ni faini ya maegesho. Mama wa jikoni kwenye nyumba ya wazee alipewa mfululizo mzima juu ya namna nchi mbalimbali zinavyohesabu kura, akauweka kwa sauti wakati wa chakula cha mchana, na tangu hapo wazee wetu wanagombana juu ya uwiano wa viti huku supu ya samaki inapoa. Meya alipewa kimoja kuhusu namna maspika wa mabunge wanavyowakatiza wasemaji warefu. Alikisikiliza mara mbili, na ndiyo maana vikao vya baraza siku hizi vinaisha watu wakiwa bado na njaa ya kawaida.

Tulifika mahali tukawa tunasoma ubora wa kipindi kwa kutazama barabara. Kikiwa cha kawaida, alipita mara moja. Kikinoga, alirudia, kwa sababu hakutaka kuzima injini kabla ya hukumu. Kuna siku njia ya kwenda kwenye gati ilisafishwa mara nne mpaka lami ikaonekana, watu wakapigiana simu kuulizana ni kesi gani.

Sasa tuje kwangu.

Mimi nilipata vikaratasi kuliko mtu yeyote. Kila Jumatatu, miaka kumi na mmoja. Na kila Ijumaa Torgeir alisimama mlangoni kwangu na kofia mkononi, theluji inayeyuka kwenye zulia, akaniuliza kwa upole: "Mwanasheria, umepata nafasi ya kukisikiliza?"

Ndugu wageni waalikwa, sikusikiliza hata kimoja.

Nasikia minong'ono huko kwa watu wa maji. Hata kimoja. Kazi yangu ni sheria kutwa nzima. Nikiingia garini nilitaka akodioni. Ndiyo, akodioni, nyimbo za kuchezea dansi, na nikifika ndani ya handaki naimba. Lakini ungemwambiaje mtu kama huyu kwamba hujasikiliza? Nikabuni jibu, nikalitumia miaka yote hiyo bila kulibadilisha: "Nimekisikiliza, Torgeir. Kizuri sana, hasa ile sehemu ya mwisho." Kila kitu kina mwisho, nilijiambia, na nani atabishana?

Mnakumbuka Novemba ya mwaka juzi. Baraza lilitaka kuifunga Shule ya Ytre Holmvik, wanafunzi kumi na tisa, na jengo liuzwe kwa shemeji yake Diwani Oddmund, aligeuze nyumba ya kulala Wajerumani wanaokuja kuvua samaki. Oddmund, usitazame dirishani, hakuna kitu huko. Wiki tatu kabla ya kura nilikuta kikaratasi chini ya waipa: "Shemeji wa Diwani. Dakika ishirini na mbili. Tafadhali sikiliza mpaka mwisho." Nikakitia mfukoni mwa koti la baridi, nikawasha akodioni.

Ijumaa akaja. Nikamwambia kilikuwa kizuri sana, hasa ile sehemu ya mwisho.

Safari hii hakuondoka. Aligeuka mwekundu mpaka masikioni.

"Kumbe ulifika mwisho," akasema.

"Nilifika."

"Na hukukasirika?"

"Nikasirike kwa nini, Torgeir?"

Akanishika mkono, akautikisa kwa muda mrefu, akaenda zake. Nikajisemea, mzee wa watu anahitaji likizo.

Siku ya kura alikuja kukaa viti vya nyuma vya wananchi, kofia magotini, ananitabasamia. Meya akauliza kama ilivyo desturi: je, Diwani Oddmund anaruhusiwa kupiga kura, au inambidi atoke nje kwa sababu ya undugu? Macho yote kwangu. Nami nikaangalia ukumbi, nikaona kwamba katika manispaa hii, tukianza kuwatoa mashemeji, atabaki Meya na mashine ya kahawa. Nikasimama nikasema kwa sauti ya kisomi: "Shemeji si ndugu. Apige tu kura."

Tabasamu la Torgeir likaisha. Kura zikawa kumi kwa tisa, na shule ikafungwa. Kesho yake Mwalimu Solbjørg alianza kufunga ramani na vitabu kwenye maboksi ya samaki, maana maboksi mengine hatuna.

Asubuhi hiyohiyo Torgeir alikuwa mlangoni kwangu. Akasema amewaza sana. Akasema kwamba kwa kuwa nimewasikiliza wale wataalamu mpaka mwisho na bado nina maoni tofauti, anaheshimu, ila yeye yuko upande wao, na asingependa nisikie kwa watu wengine kwamba atasaidia kuandika malalamiko. Sikuelewa hata neno moja. Nikaitikia kwa kichwa, kwa uzito, kama tulivyofundishwa Bergen.

Malalamiko aliyaandika nyuma ya fomu nne za mchanga, madiwani watatu wakayatia saini, na ofisi ya mkoa ikajibu kwa kurasa mbili: kisheria, shemeji anahesabiwa kama ndugu, na kura ni batili. Tukarudia kura. Oddmund alisimama nje na koti lake, akaketi mbadala wake, na hesabu ikageuka kumi kwa tisa upande wa shule. Ramani zikarudi ukutani, na nasikia bado zinanuka samaki.

Mimi je? Dukani watu walianza kuuliza kama kweli yule mwanamke alisoma. Na ni nani aliyenitetea, akiwa na kikapu chake cha viazi mkononi? "Mwanasheria alijua," alisema Torgeir. "Alisikiliza yote, mpaka mwisho. Ana mtazamo wake tu, na wanasheria wanaruhusiwa kutofautiana."

Habari zikasambaa. Nikawa mwanasheria mwenye mtazamo wake. Nikaalikwa Tromsø, kwenye mkutano wa wanasheria wa manispaa, nikaeleze mtazamo wangu kuhusu mashemeji. Mnajua nilifanya nini? Nilikwenda. Nilizungumza dakika arobaini, nikapewa blanketi la sufu.

Sasa Alhamisi iliyopita, nikitafuta kichekesho cha kutia kwenye hotuba hii, nilikuta kile kikaratasi mfukoni. Nikaona basi, kwa heshima ya leo, nisikilize kimoja. Nikakiwasha nilipokuwa natoka kazini. Wanasheria wawili wa Oslo wakaeleza taratibu kabisa kwa nini shemeji ni lazima atoke nje ya ukumbi, na ningelijua hilo kwa wakati, Mwalimu Solbjørg asingegusa boksi hata moja. Nilikuwa nimekwisha kuona haya. Kisha ikaja sehemu ya mwisho.

Mtangazaji akasema kipindi kimetokana na barua ya msikilizaji, dereva wa gari la theluji huko kaskazini, akaisoma. Nimeinakili, naisoma kama ilivyo:

"Mwanasheria wetu ni mmoja na kazi yake ni ya watu wanne. Ni hodari, ila hana muda wa kusoma kila kitu. Kuna jambo la shemeji linakuja barazani, na sitaki aaibike mbele za watu. Wala siyo vizuri dereva amfundishe kazi yake. Mkieleza nyinyi, atayasikia kwa watu wa kiwango chake. Ila naomba yasizidi dakika ishirini na mbili, maana ndiyo safari yake ya kurudi nyumbani. Barabara hiyo naisafisha mimi, nimeipima."

Nilisimamisha gari kwenye pipa la mchanga baada ya handaki, nikalia. Nililia kwa aibu kwanza, kisha kwa furaha, kwamba kwa miaka yote hiyo kuna mtu aliyekuwa ananifikiria kiasi hicho kabla ya alfajiri, na mimi sikumpa hata dakika moja.

Torgeir, samahani. Nilikudanganya, na wewe kwa uongo wangu ukanijengea heshima. Shule ile isingekuwepo leo kama ingenitegemea mimi. Blanketi la Tromsø ni lako, liko pale mezani, limefungwa vizuri.

Naona unainuka. Mpeni nafasi jamani. Unasema nini? Anauliza, kwa hiyo hata kile cha katiba sikukisikiliza?

Hapana, Torgeir. Hata cha katiba.

Amekaa. Mheshimiwa Meya, tafadhali mpelekee kahawa.

Ndugu zangu, Torgeir anaondoka, na waipa zetu zitabaki tupu. Nami nimehesabu vikaratasi nilivyovitupa ndani ya droo: mia mbili na sitini na nane. Nimeanza na kile cha katiba, jana, na niliacha kuimba ndani ya handaki. Torgeir, kila Ijumaa nitakuja mlangoni kwako, kofia mkononi, theluji iyeyuke kwenye zulia lako. Uniulize maswali. Uniulize ya katikati.

Nawashukuru madiwani kwa uvumilivu, watu wa jikoni kwa keki, na Oddmund kwa kutuachia kipande. Nyote mmenisikiliza kuanzia dakika ya kwanza, bila kikaratasi chochote, na sasa najua jambo hilo lina uzito gani. Kwa hiyo nawaambia kwa moyo wangu wote: asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho.