Bwana Kalisti Bujiku na Msumari Usio na Herufi

Jumanne, tarehe 30 Juni 1987, Bwana Kalisti Bujiku, mpiga chapa wa marobota katika kiwanda chetu cha kuchambua pamba cha Mwamadulu, anastaafu baada ya miaka ishirini na mmoja ya utumishi. Meneja wetu, Bwana Ansgar Mageni, ameniagiza mimi, Valerian Makoye, karani wa masjala, niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe. Alisema mtu aliyemaliza kidato cha nne hawezi kushindwa kazi hiyo. Hii ni karatasi ya saba.

Mzee Bujiku alisoma hadi darasa la nne katika shule ya misheni, kisha akaenda Geita kuandika namba kwenye masanduku ya mgodi wa dhahabu. Mgodi ulipofungwa mwaka 1966 alikuja hapa na mke wake, Mama Epifania, baiskeli moja, na mchezo.

Mchezo wenyewe kila mfanyakazi anaujua, lakini wageni wetu wa leo hawaujui. Marobota ya pamba hupigwa chapa kwa mabati yaliyokatwa herufi katikati. Mabati hayo yananing'inia kwenye ukuta wa stoo, kila herufi na msumari wake. Kila asubuhi Mzee Bujiku huchukua mabati manne au matano na kuyatundika mlangoni. Ikifika saa nne, wakati wa chai, kila mtu awe na neno la Kiingereza lenye herufi zote hizo ndani yake, kwa mpangilio wowote. Mwenye neno refu kuliko wote huchagua kiazi chake kwanza. Asiye na neno huchota maji ya chai ya kesho. Mwamuzi ni kamusi isiyo na jalada. Anayeshinda Ijumaa ndiye anayechagua herufi za Jumatatu.

Mimi niliajiriwa Agosti 1985, kwa majaribio ya miezi sita. Nilikuwa mwoga kiasi kwamba nilimwamkia shikamoo mlinzi tunayelingana naye umri, naye akaitikia. Niliposikia habari za mchezo nilipata faraja. Nikasema hapa sasa Kiingereza changu kitanitetea.

Siku ya kwanza mlangoni palikuwa na R, T, P, A na L. Nilileta "partial", nikaketi karibu kabisa na sinia la viazi. Mzee Bujiku akaleta "tarpaulin", turubai alilolikunja mwenyewe asubuhi ile. Wiki iliyofuata zikatundikwa D, P, W na R. Mama Esta, anayetupikia chai, alikuja na kopo la maziwa ya unga akaonyesha kwa kidole neno "powder". Mimi nilikuwa nimeandika "windproper". Kamusi haikulifahamu, na hata mimi sikulifahamu. Nilichota maji.

Siri ya Mzee ilikuwa kwamba hakutafuta maneno kichwani. Alizunguka kiwandani na herufi zake mdomoni, akisoma mashine, magunia na hati za mizigo, mpaka apate kitu kilichozibeba zote. Hivyo ndivyo alivyowafundisha kusoma wapakiaji watatu, ambao leo wanasaini mishahara yao wenyewe. Na kwa miaka yote hiyo, hakuna robota lililowahi kurudishwa kwa sababu ya chapa mbaya.

Hapa ndipo karatasi sita za kwanza zilipoharibika.

Ijumaa moja ya Oktoba 1985 nilishinda, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Jumatatu ilikuwa yangu. Niliamua kupanga herufi ambazo Mzee asingeziweza, na W iwe kiongozi wao. Ningeweza kuiandika tu kwenye karatasi, lakini niliogopa mtu asije akaiona na kuiba mbinu yangu. Kwa hiyo niliiba bati. Nilikwenda nalo Didia, ninakopanga, nimelificha ndani ya shati, likinikwaruza tumbo kila baiskeli ilipopita kwenye shimo.

Jumamosi mabehewa yalifika siku mbili kabla ya ratiba. Chapa yetu ni MWD, na W haikuwepo. Mzee Bujiku aligeuza bati la M miguu juu na kazi ikaendelea. Wanunuzi walipoyapokea marobota waliandika barua kuuliza kwa nini W yetu ina miguu iliyonyooka. Meneja alitangaza kwamba aliyechukua bati atafukuzwa kazi, na kwa kuwa mabati yalikuwa mikononi mwa Mzee, akampa barua ya onyo kwa uzembe.

Barua hiyo niliipiga taipu mimi. Niliiweka mimi kwenye jalada lake, ukurasa wa 43. W ilikuwa chini ya godoro langu.

Mzee alikata W nyingine ya kupigia chapa tu; ya mchezo hakutengeneza, wala hakuuliza. Ule msumari ulibaki wazi, na kwa karibu miaka miwili kiwanda kizima kimeishi bila "water", "work" wala "window" kwa sababu yangu.

Wiki iliyopita Meneja alinipa jalada ili niandike wasifu, akaongeza kwamba cheti cha utumishi usio na doa hakitatolewa, kwa sababu ya ukurasa wa 43. Niliandika karatasi sita nikiuruka ukurasa huo. Kisha nikafunga W kwenye leso, nikabisha hodi ofisini kwake, nikasema yote huku nimeshika kitasa cha mlango.

Meneja alisema aliyejitaja mwenyewe hafukuzwi, akanielekeza kwenye mashine ya taipu. Barua ya kumfutia Mzee Bujiku onyo niliipiga taipu mimi. Barua ya onyo kwa Valerian Makoye nayo niliipiga mimi, nakala tatu, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikukosea hata herufi moja.

Nilipokwenda stoo kumwomba radhi, Mzee alikuwa akifuta wino kwenye mabati. Hakugeuka.

"Nilijua tangu Jumatatu ile," alisema. "Uliniamkia shikamoo mara nne."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja.

"Onyo kwangu ni karatasi, kijana. Kwako ingekuwa safari ya kurudi kwa mama yako."

Leo anakabidhiwa cheti chake, hakina doa, nami nimekisoma mara tatu kuhakikisha. W iko kwenye msumari wake. Tumemwomba Mzee atundike herufi kwa mara ya mwisho kabla ya chakula, na kwa jinsi anavyonitazama najua ni ipi itakayotangulia.

Mzee Bujiku, tunakushukuru kwa miaka ishirini na mmoja, na mimi nakushukuru kwa miwili zaidi ya wengine. Nenda ukapumzike na Mama Epifania, mvua zikunyeshee kwa wakati, na viazi vya shambani kwako uchague wewe kwanza kila siku. Neno la leo sina bado. Ndoo nimeshaiweka karibu.